Wasifu wa bibi umeacha kazi zake zote. Naruhusiwa kuziongeza?

mjukuu_wa_Kamachumu

Shikamooni wakubwa zangu, wengine salaam.

Bibi yetu mzaa baba amefariki Jumatatu, tunamzika Jumamosi nyumbani Kamachumu, Muleba. Mimi ndiye nimepangiwa kusoma wasifu wa marehemu. Baba mkubwa ameshauandika akanitumia kwa simu: alizaliwa 1941, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa, akajaliwa watoto saba, kisha wajukuu na vitukuu kwa majina, kisha presha, kisha Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Yote ni kweli. Ila mgeni akiusikiliza atadhani bibi alizaa, akazeeka, akaugua, basi.

Babu alifariki 1987. Kibanja kile, yaani shamba letu la migomba na kahawa, amekishika yeye toka hapo. Kiangazi kikiingia alikwenda rweya, kule kwenye mbuga ya nyasi nje ya vibanja, kukata nyasi, akazibeba kichwani mzigo kwa mzigo, akazitandaza chini ya migomba mpaka udongo usionekane. Kahawa aliianika kwenye mikeka na kuipeleka mwenyewe chama cha msingi cha ushirika, kwa jina lake. Hakuwahi kuuza butura. Kwa msiokaa Kagera: butura ni kuuza kahawa ingali mtini, wakati mwingine ingali maua, kwa bei ya kutupa kwa sababu shida imebisha hodi leo. Walanguzi walimfuata miaka ambayo ada za shule zilimbana kweli kweli. Aliwapa maji ya kunywa, akawasindikiza hadi barabarani, akarudi kutafuta ada kwa kuuza mikungu ya ndizi.

Miaka ya tisini alijitolea kuuguza wagonjwa majumbani. Halipwi, hana posho. Alikuwa na mfuko wa kitambaa wenye sabuni, glavu zikipatikana, na ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni. Alifua mashuka ya watu ambao ndugu zao walikuwa wanawasukumia sahani mlangoni. Na katika aliowauguza wamo watoto wake watatu, mmoja ni baba yangu.

Hapo ndipo penye kazi. Baba mkubwa hataki neno UKIMWI lisikike msibani. Namheshimu, na najua anachokilinda. Lakini nikiruka habari ile nimeruka miaka mingi ya maisha ya bibi, tena ile iliyomtambulisha kijijini. Mliowahi kuandika wasifu wa namna hii, mlifanyaje?

nesi_mstaafu

Pole sana mwanangu, poleni na familia yote.

Nilifanya kazi mkoani kwenu. Wagonjwa wa kwanza wa ugonjwa huo hapa nchini waligundulika Kagera, 1983, na dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure 2004. Hesabu mwenyewe hiyo miaka katikati. Wauguzi hatukutosha na vitanda havikutosha, mgonjwa akirudishwa nyumbani anayempokea ni mama kama bibi yako. Wao ndio waliomgeuza mgonjwa asitoboke vidonda vya mgongo, wakamnywesha uji wa ulezi kijiko kwa kijiko, wakaja kutuambia nani ana mkanda wa jeshi na nani ameanza kuharisha. Glavu zikiisha walivaa mifuko ya nailoni mikononi. Niliwaona kwa macho yangu, na bado nakereka kwamba vyeti na picha za ukumbusho vilibaki kwa wenye ofisi.

Sasa ushauri. Siri ya ugonjwa ni ya mgonjwa, hata akishazikwa. Usimtaje baba yako wala ndugu zake kwa ugonjwa wao, wala usitaje nyumba yoyote aliyoingia. Lakini kazi ya bibi si siri. Sema aliuguza wagonjwa waliokuwa wanaogopwa, sema alifua, sema alilisha. Watu wa rika langu watakaokuwa pale watajua ni miaka gani, na hutakuwa umemvua mtu nguo. Ukiweza, watafute waliouguzwa naye wakanusurika, mmoja wao aseme kwa kinywa chake.

katibu_usharika

Pole binti.

Nakubaliana na mama muuguzi isipokuwa hilo la mwisho. Kumsimamisha mtu kwenye kipaza sauti aseme aliuguzwa ni kumtangaza, hata kama amekubali akiwa na uchungu wa msiba. Mwache aje kwenye rambirambi, akitaka atasema.

Mengine ni ya utaratibu, nayo yana uzito. Usiufute wasifu wa baba mkubwa. Yeye ndiye mkubwa wa familia, na kwa wazee wetu mpangilio wa ubatizo, kipaimara na ndoa una maana. Punguza kinachokula muda: majina ya vitukuu yote yachapwe kwenye karatasi ya ibada, wewe soma idadi. Hapo utapata nafasi ya aya mbili au tatu. Ziandike leo, mtumie leo. Asikutane nazo Jumamosi mbele ya mchungaji na umati. Ukimpelekea Ijumaa usiku wakati anahangaika na jeneza na maturubai, atakataa kwa uchovu tu.

Halafu kwenye hizo aya weka vitu, sifa ziache. "Alikuwa mcheshi, mwenye upendo" tunasoma kila wiki kwa kila marehemu. Hilo la kuwapa walanguzi maji ya kunywa mimi sijawahi kulisikia kwa mtu mwingine.

mjukuu_wa_Kamachumu

Asanteni sana. Naanza kuandika usiku huu.

Kuna jambo lingine sikulitaja mwanzo. Baada ya wanawe kuanza kufa, upande wa babu walitaka kibanja. Walisema yeye alikaa pale kwa ajili ya watoto wa kiume, na watoto hao ndio hao wanazikwa. Bibi hakugombana. Alikwenda kwenye kikao cha ukoo na stakabadhi zake za kahawa amezifunga kwenye kanga, akazikunjua moja moja, mwaka kwa mwaka, akawauliza ni nani kati yao aliyepanda mibuni ile. Sisi wajukuu tulikuwa nje tunasikiliza. Alibaki pale, na sisi tukasomea pale.

Na mnyauko wa migomba ulipoingia Muleba mwaka 2006 hivi, alikuwa wa mwanzo kukubali kung'oa migomba yake iliyougua, kisha akawa anapita kwa majirani kuwaonyesha jinsi ya kuvunja ua dume, lile linaloning'inia mwisho wa mkungu, kwa kijiti cha panda badala ya panga, na kupitisha visu kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Alikuwa na umri wa kukaa barazani tayari.

Hili la ukoo niliandike? Waliokitaka kibanja watakuwepo mazikoni.

wakili_wa_ziwa

Pole sana dada.

Tuanze na sheria ili ujue uzito wa alichofanya. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya, ilimpa haki Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeuza ardhi ya ukoo aliyoachiwa na baba yake kwa wosia. Jaji alisema mila inayomzuia mwanamke kuuza ilhali mwanamume wa ukoo huohuo anaruhusiwa inapingana na Katiba. Wengi huitaja hukumu ile kana kwamba ilimaliza kila kitu. Yule alikuwa binti mwenye wosia. Mjane hakuguswa. Kanuni za mila zilizoandikwa 1963 zinamwacha mjane chini ya uangalizi wa watoto wake, bila fungu lake. Wajane wawili wa Shinyanga walipopeleka shauri lao hadi Kamati ya CEDAW ya Umoja wa Mataifa, ile inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, Kamati ilisema mwaka 2015 kwamba haki zao zilivunjwa. Kwa hiyo bibi yako aliingia kwenye kikao kile bila karatasi ya sheria ya kumtosha. Alikuwa na stakabadhi.

Usiandike ugomvi. Marehemu hawezi kujibu, na wao hawawezi kujibu pale makaburini. Andika stakabadhi. Na tafadhali, baada ya mazishi hizo karatasi zisitupwe na vitu vya chumbani. Zipige picha, mpe mtu mmoja azitunze. Swali la kibanja linaweza kurudi, safari hii kwenu.

mjukuu_wa_Kamachumu

Wakili, zipo. Ziko kwenye sanduku lake la bati, shangazi ameshalifunga na ufunguo anao.

Nimemtumia baba mkubwa hizi aya:

"Marehemu alitunza kibanja hiki tangu 1987 kwa mikono yake. Alipeleka kahawa chama cha msingi kila msimu na alitunza kila stakabadhi. Hakuuza kahawa yake ikiwa mtini. Kwa mapato hayo alisomesha watoto wake, na baadaye wajukuu wake.

Katika miaka ambayo wagonjwa wengi walikuwa wanaogopwa, marehemu aliingia katika nyumba zao. Aliwaogesha, aliwafulia, aliwalisha, na wengi wao alikuwa nao saa yao ya mwisho. Hakulipwa. Migomba ilipougua alipita kwa majirani kuwafundisha namna ya kuiokoa."

Alikaa kimya karibu siku nzima, nikajua amekasirika. Jioni amenipigia. Hajafuta kitu. Ameniambia baada ya "alikuwa nao saa yao ya mwisho" niongeze: "wakiwemo watoto wake mwenyewe." Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema niandike hivyohivyo, majina ya ndugu zake atayasoma yeye.