Mrejesho: ule ukuta mwekundu wa chumbani

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama nipake chumba cha kulala nyekundu, maana kwa Wachina ni rangi ya bahati. Wengi mlinikataza, ila ndoo nilikuwa nimeshanunua. Nikapaka ukuta wa nyuma ya kitanda. Wiki mbili usingizi wa mang'amung'amu, na joto la Dar ndiyo usiseme.

Nikarudi kusoma maelezo ya yule aliyenifafanulia feng shui, ile elimu ya Kichina ya kupanga nyumba, ambapo kila rangi ina asili yake na upande wake. Nyekundu ni moto, mahali pake kusini. Kijani ni mti, mashariki. Njano ni ardhi, katikati ya nyumba. Nyeupe ni chuma, magharibi. Nyeusi na buluu ni maji, kaskazini. Chumba changu kiko magharibi! Yaani nimewasha moto juu ya chuma, na moto huyeyusha chuma.

Sasa ni nyeupe ya maziwa, nimerudia kupaka mara tatu ndiyo wekundu ukafichika. Foronya nimeweka za rangi ya udongo, kwa kuwa ardhi huzaa chuma. Nyekundu iliyobaki nimepaka stuli ya sebuleni. Bahati bado sijaiona, usingizi upo. Mke wangu anasema ni macho tu yamepumzika, simbishii.