Tairi la nyuma la trekta limechomoka kwenye ringi, tupo shambani Kongwa. Tunalirudishaje?

MtamaMweupe: Wakuu, habari za kazi. Trekta ni Massey Ferguson 375, tairi la nyuma kulia, saizi 18.4-30, lina tyubu. Dereva amekata kona plau ikiwa juu, mdomo wa nje wa tairi (ule ukingo wenye waya ndani unaoshika ringi) umeruka ukingo wa ringi karibu nusu ya mzunguko na upepo wote umetoka. Mvua za kwanza zimeshanyesha, majirani wanapanda. Tuna jeki ya tani 10, mitaimbo miwili na kompresa ndogo ya betri. Kuna anayeshauri tumwage petroli ndani tuwashe kiberiti, eti tairi litakaa lenyewe. Naombeni mwongozo.

FundiUpepo: Mkuu, hiyo ya petroli achaneni nayo. Ni ujanja wa tairi lisilo na tyubu, na hata huko unaua watu. Kwenu itaunguza tyubu tu, maana kinachosukuma mdomo ukae ni tyubu yenyewe.

Msijaze upepo tairi likiwa hivyo hivyo. Tyubu lazima itoke ikaguliwe. Tairi likizunguka hata hatua tano bila upepo, valvu inaweza kung'oka kwenye tyubu. Gurudumu lenyewe msilifungue, kazi yote inafanyika likiwa kwenye trekta. Je, lina maji ndani, yale ya kuongeza uzito?

MtamaMweupe: Maji hayamo, kaka. Upepo mtupu.

FundiUpepo: Afadhali. Saizi hiyo ikijazwa robo tatu inabeba karibu lita 300, mngeanza kwa kuyamwaga kwanza.

Gia_ya_Nne: Kabla ya jeki sikilizeni hili, wengi wanalisahau. Ekseli ya mbele ya trekta inacheza kwenye pini ya katikati, kwa hiyo ukiinua upande mmoja wa nyuma, mwili mzima unaweza kulalia upande wa pili. Pigilia kabari za mbao kati ya ekseli ya mbele na mwili, kushoto na kulia. Shusha plau chini, zima injini, acha gia ndani, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini.

Jeki ikae juu ya ubao mnene wenye upana wa futi moja au zaidi. Udongo wa mbuga ukishalowa unameza jeki huku unaitazama. Ikishainuka, weka gogo imara chini ya ekseli ya nyuma. Asiingie mtu chini kwa kutegemea jeki peke yake.

FundiUpepo: Sasa tairi. Toa sindano ya valvu, fungua nati yake, isukume valvu ndani. Sehemu ya mdomo wa nje iliyobaki ndani ya ringi itoe kwa mitaimbo miwili, sentimita kumi kumi, huku upande wa pili mtu akiukanyaga uzame kwenye bonde la katikati ya ringi. Usipozama bondeni, mtavuta hadi jioni na mtakata waya za mdomo bure.

Tyubu ikitoka, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Mwiba wa mgunga hukatikia humo, na kitambaa kitaunasa kabla ya kidole chako. Ringi isugue kwa brashi ya waya, hasa kuzunguka tundu la valvu, kutu ya hapo inakata tyubu. Paka tyubu poda, irudishe, itie upepo kidogo ipate umbo tu, nati ishike nyuzi mbili tatu. Kisha mdomo, kwa mtindo ule ule wa bondeni. Ukifika karibu na valvu, isukume ndani kwanza ili mdomo usiikalie.

MtamaMweupe: Nipake grisi uteleze?

FundiUpepo: Hapana, sabuni nzito ya maji, kwenye mdomo na kwenye ringi. Grisi na oili hulainisha mpira, na baadaye tairi litateleza ndani ya ringi.

Jaza taratibu. Ubavuni, karibu na ringi, kuna mstari mwembamba. Ukionekana kwa umbali sawa mzunguko mzima, tairi limekaa. Mwisho ni PSI 35 kwenye geji ya upepo, usivuke. Likikataa, toa upepo, paka sabuni tena, rudia. Ukilazimisha waya hukatika na tairi hulipuka, kwa hiyo tumia mpira mrefu wa kujazia upepo na usisimame mbele ya ubavu. Likikaa, toa upepo wote tyubu ijinyooshe, halafu jaza hadi PSI 14 au 16. Soma ubavuni kiwango cha juu cha tairi lenu.

MtamaMweupe: Kompresa ya betri itaweza?

FundiUpepo: Kwa kuwa kuna tyubu, itaweza. Itachukua muda mrefu, acheni ipoe katikati. Geji iwe nzima.

Gia_ya_Nne: Na ukingo wa ringi ukiwa umepinda, unyoosheni kwa nyundo tyubu ikiwa nje. Kuchomelea ringi yenye tairi ni bomu, hata kama halina upepo.

Chanzo naona ni upepo mdogo, pimeni na la kushoto. Mkimaliza, choreni mstari wa chaki kutoka ringi hadi tairi, ulimeni saa moja, muutazame. Ukiwa umeachana, tairi linateleza na safari hii litaondoka na valvu.

MtamaMweupe: Nimewaelewa. Natafuta mbao za kabari sasa hivi.