Hukumu imeandika "rébellion": kwa Kiingereza niandike nini?

Motari wa Nyawera: Ndugu zangu, nisaidieni. Mwaka 2019 polisi wa barabarani alinisimamisha Nyawera, hapa Bukavu, akachomoa ufunguo wa moto yangu, pikipiki ninayobebea abiria. Nikamshika mkono, tukavutana, kifungo cha shati lake kikaruka. Tribunali ikanitoza faini kwa "rébellion", nikalipa, yakaisha. Sasa naomba masomo Kampala na wanataka hukumu hiyo kwa Kiingereza. Nimeandika "rebellion". Mdogo wangu aliyesoma Uganda ameona, akashika kichwa: "Yaya, watadhani ulikuwa porini na bunduki!"

Mama Sombe: Kifungo kimoja tu, tayari wewe ni Mulele, yule kiongozi wa waasi? Pole mwanangu, ila nimecheka.

Mwalimu Bagira: Mdogo wako ana haki. "Rebellion" ya Kiingereza ni watu kuinukia serikali, mara nyingi na silaha. Vita vya Simba vya 1964, vilivyofika hadi hapa Bukavu, ndivyo wanavyoviita hivyo. (Mtoto anayekataa kunyolewa naye huitwa "rebellious", lakini huyo hapelekwi parke, kwa mwendesha mashtaka.) Sheria yetu ya Kongo ya makosa ya jinai imetoka kwa Wabelgiji: ndani yake "rébellion" ni kumpinga kwa nguvu au vitisho mtumishi wa serikali aliye kazini. Hata ukiwa peke yako, mikono mitupu. Andika "resisting arrest".

Kadutu Juu: Si afadhali "mutiny"?

Mwalimu Bagira: Hapana! Hiyo ni ya askari wanaowagomea wakubwa wao, kama Force Publique, jeshi la Kongo la wakati ule, kule Thysville, Julai 1960. Yeye hakuwa na mkubwa pale, alikuwa na abiria.

Mfasiri wa Ibanda: Mwalimu, hapo kwenye "arrest" nakukatalia. Nani alikuwa anamkamata? Aliyechukuliwa ni ufunguo. "Violent resistance to a public officer" inakaa vizuri zaidi. Na wewe motari, usilifute neno la Kifaransa. Ukilificha, ndipo watashuku. Liache "rébellion" jinsi lilivyo, maelezo yafuate palepale. Tena usijitafsirie hukumu yako mwenyewe, tafuta mfasiri aliyeapishwa. Mwonyeshe sehemu inayotaja faini, maana msomaji wa Kampala akiona faini tu ataelewa haikuwa vita.

Motari wa Nyawera: Aksanti sana, kesho asubuhi naenda. Ila hilo "violent" linanichoma. Nilimshika mkono tu.

Mama Sombe: Na kifungo?