Mrejesho: Modeli ya Brewster 239 ya Finland imekamilika, ila stika zimenishinda

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza namna ya kugeuza modeli ya plastiki ya ndege ya kivita Brewster, toleo la jeshi la majini la Marekani, iwe mojawapo ya zile 44 zilizouzwa Finland. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kuondoa ndoano ya mkiani, kwa kuwa vifaa vya kutua melini viliondolewa kabla ya ndege hizo kusafirishwa, na nikaongeza bamba la chuma nyuma ya kiti, ambalo Wafini waliliweka wenyewe. Bunduki zote nne nimezifanya za milimita 12.7, kwani ile moja ya milimita 7.62 ilibadilishwa baadaye.

Kuhusu rangi, aliyesema nisiiache na rangi ya fedha tupu alikuwa sahihi: ndege zilifika zikiwa hivyo mwaka 1940, lakini mimi nilitaka ndege yenye namba BW-372 ilivyokuwa mwaka 1942, yenye kijani na nyeusi juu, na mkanda wa njano kiunoni. Njano ilififia juu ya kijani mpaka nilipotanguliza rangi nyeupe, kama kaka mmoja alivyonionya.

Stika za zamani, hata hivyo, zilipasuka nilipoziloweka majini licha ya kupakwa vanishi kwanza. Namba nimeziandika kwa brashi, na herufi W imepinda kidogo.