Naomba ushauri: jukwaa la kuunganisha mafundi na wenye kazi hapa Lubumbashi

Kijana wa Kamalondo
Wakubwa, jambo yenu. Nataka kuanzisha jukwaa la simu. Mwenye nyumba anatafuta masoni (mwashi), plombie (fundi bomba), fundi karo (vigae) ao zamu (mlinzi), anabonyeza, anaona waliopo karibu, bei yao na nyota walizopewa. Mimi nakata asilimia 10. Mafundi ninao 140, kazi za aina 20, komini (wilaya za mji) zote 7. Swali langu ni moja tu: programu ijengwe ya Android peke yake ao na iPhone pia? Usingizi umenipotea juu ya hilo.

Mama Bei
Achana na zote mbili kwanza. Masoni wa Katuba ana simu ya vitufe, na mwenye smatifoni hana mega za intaneti kila siku. Umeme wa SNEL ukikatika siku mbili, jukwaa lako limelala naye. Tumia namba moja ya WhatsApp kwa wateja. Fundi mpigie kwa sauti. Daftari liwe la Excel: jina, namba yake na namba ya jirani, avenue, kazi yake, mtu wa mwisho aliyempa kazi pamoja na namba ya huyo mtu, na tarehe uliyompata hewani mara ya mwisho. Hiyo tarehe ndiyo watu husahau. Baada ya miezi miwili nusu ya namba zimekufa, na mteja wa kwanza anaangukia humo humo.

Hesabu Safi
Mafundi 140 wanasikika wengi. Gawa kwa kazi 20, wanabaki 7. Gawa kwa komini 7, ni fundi mmoja wa kila kazi katika kila komini. Huyo mmoja akienda kwenye kilio Kipushi, duka limefungwa. Chukua kazi mbili zinazoitana, plombie na karo kwa mfano, maana bomba likivuja ndani ya ukuta lazima karo zivunjwe. Chukua komini mbili zinazopakana, Kampemba na Ruashi. Fundi 15 wa kila kazi wanatosha kuanza. Na wenye kazi unao wangapi?

Kijana wa Kamalondo
Hao watakuja wenyewe programu ikitoka.

Papa Simenti
Vijana, mnataka kula asilimia 10 ya jasho la mtu huku mmekaa kwenye kivuli. Haya, niambie: karo mbaya mtaijuaje? Karo inagongwa kwa ukucha ao kwa mpini wa mwiko, moja moja. Ikilia kama ngoma, chini hakuna simenti, fundi ameweka mabonge matano ya mchanganyiko badala ya kutandaza kwa mwiko wa meno. Miezi miwili kiti kikikaa juu yake inapasuka. Mteja anatoa nyota tano siku ya kwanza kwa sababu inang'aa. Nyota hazigongi karo.

Mwanasheria wa Bure
Papa Simenti ametoka nje ya mada lakini amesema la maana: nyota ziombwe tena baada ya siku 60, si siku ile ile. Sasa swali kwa mwenye uzi. Hao 140 waliandikishwa bure?

Kijana wa Kamalondo
Walijiandikisha kwa hiari yao.

Mwanasheria wa Bure
Sikuuliza hiari.

Kijana wa Kamalondo
Dola 5 kila mmoja. Lakini kuna fiche (fomu), fotokopi ya kadi ya mchaguzi, picha na beji, vyote vina bei. Na makuta (pesa) sikuyala, nimempa mtengenezaji wa programu avansi (malipo ya kwanza) ya dola 1,500. Mkataba umesainiwa, kurudi nyuma haiwezekani. Ndiyo maana nikauliza Android ao iPhone, sikuomba hukumu.

Mwanasheria wa Bure
Hukumu hakuna, ila sikiliza. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unasema wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi. Alipe anayehitaji kazi ifanyike. Nenda Guichet Unique, ofisi ya serikali ya kuandikisha biashara, usajili kampuni. Kwa sheria za OHADA, sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, SARL (kampuni yenye dhima yenye kikomo) inaundwa hata na mtu mmoja. Kisha uliza ONEM (ofisi ya taifa ya ajira) na Inspection du Travail (wakaguzi wa kazi), kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa, kama shughuli yako wanaihesabu kuwa uwakala wa ajira. Na usiwe wewe unayemlipa fundi kila jioni. Kwa Code du Travail, yaani sheria ya kazi namba 015/2002, mtu wa kutwa akishatimiza siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha anahesabiwa ana mkataba usio na kikomo. Ukiwa wewe ndiye mlipaji, atakutazama wewe.

Mama Bei
Tena hiyo asilimia 10 itakimbia. Kazi ya dola 30, wewe 3. Mara ya pili mteja ana namba ya fundi, wewe wa nini? Homejoy ya Marekani, jukwaa la usafi wa nyumba, ilifungwa 2015, na wateja kuelewana na wasafishaji pembeni ilikuwa mojawapo ya shida zake. Mtoze mteja kwa kitu ambacho fundi peke yake hawezi kumpa: mtu wa kwenda kupima na kugonga karo, na marudio ya bure ndani ya siku 30.

Hesabu Safi
Mimi nasema hadithi hii imetungwa. 140 mara 5 ni 700. Avansi ni 1,500. Na hiyo 800? Tena akaunti ya jana. Nadhani huyu ndiye mtengenezaji mwenyewe, anapima kama tutanunua.

Mtu wa Ruashi
😂😂 Ngoja kesho aweke namba ya M-Pesa.

Kijana wa Kamalondo
800 ni ya likelemba (upatu) ya mama watoto. Zamu yake ilifika. Anajua.

Papa Simenti
Anajua yote?

Kijana wa Kamalondo
Anajua nusu.

Hesabu Safi
Basi naomba radhi, uongo haungekuwa na aibu hiyo. Makuta ya mafundi yafanye deni: kazi mbili za kwanza za kila fundi usikate kitu. Kwa kazi za dola 30 anabaki na 6, zile 5 zimerudi. Ila ni kazi 280. Kwa kazi 3 kila siku, siku 26 kwa mwezi, unapita miezi mitatu na nusu bila kamisheni ya mafundi. Kwa mtengenezaji usivunje mkataba, badilisha kazi: akupe fomu ya wavuti, daftari na SMS. Domeni (anwani ya wavuti) iandikwe jina lako, na msimbo wote akukabidhi kabla ya malipo yanayofuata.

Mtu wa Ruashi
Utani pembeni, nina chumba mita 4 kwa 3 na nusu, nataka karo za 60 kwa 60.

Papa Simenti
Mita 14 za mraba. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, 15.4. Boksi la karo 4 ni mita 1.44. Nunua maboksi 11, namba ya rangi iwe moja kwenye yote.

Kijana wa Kamalondo
Mukubwa wa Ruashi, njoo inbox nikupe namba ya fundi.

Mama Bei
Namba??