Leseni ya ghala: bima ninayo, dhamana tena ya nini?

Ghalani_Misungwi: Wakuu mwangaluka. Nina ghala huku Misungwi, nimezoea kuweka mpunga wangu na wa majirani, sasa nataka kupeleka maombi kwa Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala ili msimu wa dengu na choroko AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) walete mzigo kwangu. Bima ya moto na wizi nimeshakata ila naambiwa bado natakiwa dhamana ya benki au bondi ya kampuni ya bima. Hivi nalipia mzigo uleule mara mbili au napigwa? Mwenye uelewa anisaidie

MzeeWaDengu: Hupigwi mkuu. Bima ya moto inalinda mzigo, bondi inamlinda mwenye mzigo dhidi yako wewe, usinune 😀. Mkulima akishashusha gunia zake anaondoka na stakabadhi tu, na ile stakabadhi kwa sheria yetu ya 2005 ina sehemu mbili, hati ya umiliki na hati ya rehani ambayo anaweza kwenda nayo benki akakopa. Sasa mnunuzi keshalipa, anakuja na fuso kupakia anakuta mzigo pungufu, moto haukuwaka, mlango haukuvunjwa, bima itamlipa nani hapo? Ndo kazi ya bondi

Dada_Igoma: Kaka umeeleza vizuri ila umeruka panapouma. Bima ya moto ikikulipa yameisha. Bondi ikimlipa mkulima, kampuni inakugeukia wewe urudishe yote, ndo maana kabla ya kukupa wanataka hesabu zilizokaguliwa, na wengine wanashika hati ya nyumba au fedha. Ile fomu ya kurudisha fidia isome mstari kwa mstari, na ukiona mkeo naye anaitwa kusaini ujue nyumba imeingia.

Ghalani_Misungwi: Duh. Hati yenyewe bado ina jina la marehemu mzee. Na kiasi cha bondi kinapangwaje?

MzeeWaDengu: Mzigo mkubwa bondi kubwa. Hata Marekani, wenye sheria ya maghala tangu 1916, wanaangalia ujazo wa ghala, kwa hiyo usijaze tani nyingi kwenye fomu kwa sifa wakati unajua hazitafika. Tarehe za bondi na leseni ziendane pia.

Dada_Igoma: Na hakikisha kampuni imesajiliwa TIRA, ile mamlaka inayosimamia bima, vishoka wapo. Kingine watu wanachukulia poa ni unyevu, ukipokea mahindi yamezidi 13.5% yakakaukia ndani, kilo zinashuka na upungufu unahesabiwa wako bila mtu kuiba hata debe. Mizani nayo Wakala wa Vipimo waione kabla msimu haujafunguliwa

Ghalani_Misungwi: Basi ngoja nianze na mirathi. Hapa Misungwi kuna mtu anakodisha kipima unyevu?