Mwalimu anataka niache kumsemesha mwanangu Kiamu

Bint Mkomani:
Assalam alaikum wapendwa. Mimi ni mzaliwa wa Amu, yaani Lamu, nasema Kiamu, Kiswahili cha kwetu; nimeolewa Malindi. Mwanangu ana miaka mitatu na nusu, ameanza chekechea mwaka huu. Akisema "mato", yaani macho, wenzake wanamcheka, akiomba "mai" mwalimu anamrudi: sema maji. Juzi mwalimu kaniita, eti Kiamu changu kinamchelewesha, na babake naye anamsemesha Kigiriama, lugha zitamchanganya. Nimejaribu siku mbili kusema naye Kiswahili cha vitabuni. Jana kaniuliza, "Mama, umekasirika?" Usiku sikulala. Nifanyeje?

Kaskazi:
Pole dada. Wangu wawili wamekulia Kigiriama kwa bibi yao mzaa baba, Kiswahili kwangu. Wakiwa wa umri huo walitia lugha mbili katika sentensi moja, nikaingiwa na hofu kama wewe. Walipofika miaka mitano kila mtu walishamjua lugha yake.

Mwalimu Mstaafu:
Bi Mkubwa, kwa heshima zote, mwenzangu amekosea. Mtoto huanza kuisikia sauti ya mamake miezi ya mwisho ya mimba, na kabla hajatimiza mwaka sikio lake limeshashika sauti za nyumbani. Lakini hazishiki kwa kusikia tu. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, huko Marekani, walitoa ripoti kuhusu watoto wa miezi 9 waliochezeshwa na kusomewa na watu waliosema Kichina. Watoto wakazishika sauti zile. Wengine waliotazama watu hao hao kwenye televisheni hawakushika kitu. Mtoto anataka mtu wa kutazamana naye. Sasa wewe ukisema naye kwa lugha unayoipima neno kwa neno, atapata nini?

Na Kiamu si Kiswahili kilichoharibika. Mwaka 1928, pale Mombasa, Kiunguja, Kiswahili cha Unguja, ndicho kilichochaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Ndipo shuleni mchele ukawa sahihi, mtele ukawa kosa.

Mwana wa Ngomeni:
Sawa mwalimu, lakini kuchekwa kunamuuma mtoto. Dada, mwambie waziwazi: kwetu mato, shuleni macho. Wanaelewa.

Bint Mkomani:
Mungu awalipe. Leo nimempigia mamangu simu. Mtoto kaishika kwa mikono miwili: "Bibi, ndoo!" yaani njoo. Mamangu kanyamaza kidogo, kisha akamjibu, "Naya, mwanangu," yaani naja. Kesho asubuhi mimi na babake tunakwenda kwa mwalimu.